Kopo la Punje za Mviringo

Enzi zetu, kabla kahawa haijaanza kupigwa picha, nyumba yetu ya Pasiansi, kando ya ziwa, ilijulikana kwa harufu. Sisi tuliokuwa tunacheza rede na kombolela nyuma ya yale mawe makubwa hatukuhitaji saa: Bibi akianza kukaanga, ujue ni saa kumi jioni. Unaacha mpira wa soksi, unanawa miguu, unakwenda barazani na michembe yako ya viazi vikavu mkononi kusubiri mkubwa amalize kunywa, ulambe sukari iliyobaki chini ya kikombe. Wa rika langu mnaujua utamu ule. Mtoto wa leo ukimpa sukari ya chini ya kikombe atakuuliza kama ina karameli.

Bibi alikuwa mama yake Baba. Alihamia kwetu baada ya Babu kufariki na kuzikwa kwenye migomba yao kule Bukoba. Alikuja na begi moja, ungo, na kopo la mafuta ya kupikia lililochujuka rangi. Kiti chake alikielekeza ziwani. Mgeni akimuuliza habari za mumewe, ananyoosha kidole magharibi, ng'ambo ya maji. "Yupo pale," anasema, kama vile mzee katoka kidogo kwenda dukani.

Kila msimu Baba Mdogo, aliyebaki na shamba, alitutumia gunia la kahawa, na hapo ndipo raha yangu ilipoanzia. Bibi anamwaga kwenye ungo, mimi nakaa miguuni pake, tunachambua. Nyeusi na zilizotobolewa na wadudu, tupa. Kubwa na nzito ni za birika: zikaangwe mpaka zikaribie weusi, zitwangwe zibaki na chenga, zichemke na tangawizi mpaka jirani apige chafya. Ndogo ndogo ni za kuchuja kwa kitambaa: zikaangwe ziishie rangi ya mbao, zitwangwe laini. "Hiyo ya mgeni wa mjini, asiyependa uchungu," alisema Bibi. "Koku, usichague punje kabla hujajua nani anakunywa na anapikia nini."

Lakini palikuwa na fungu jingine. Tunda la kahawa kwa kawaida lina punje mbili, zimelaliana kifua kwa kifua, ndiyo maana kila punje ina upande bapa. Mara mojamoja unakuta tunda lina punje moja tu, na hiyo inakuwa mviringo kama gololi. Hizo Bibi alizitia kwenye kopo lake, na hazikukaangwa kamwe.

"Kwa nini, Bibi?"

"Hazina wenzao. Ukizikaanga, harufu yake inakwenda kumwita mwenza."

"Mwenza wa nani?"

"Wa anayekunywa," alijibu, akaendelea kupepeta.

Kopo lilikaa uvunguni mwa kitanda chake. Kuna mchana, chumba hakina mtu, tulikuwa tunalisikia likichakacha. Mama alisema ni panya. Tukatega mtego mwezi mzima, hatukunasa hata mkia.

Nilipokuwa darasa la tatu, Bibi aliacha kula. Ndizi alizipenda, akazisukuma. Kahawa akaikataa. Nikiwa nafua soksi zangu za shule nikamsikia Mama akimwambia Baba, "Ikifika kesho hajala, tumrudishe Bukoba. Asije akatufia ugenini." Nilikuwa mdogo, ila nilijua mzee anarudishwa kijijini kufanya nini.

Siku hiyo, Jumamosi, wakubwa walipotoka, nikawasha mkaa. Nikampikia ya birika. Akanusa, akageuza uso. Nikamchujia ya kitambaa.

"Haina harufu, mjukuu wangu."

Ilikuwa na harufu mpaka kwa jirani. Likabaki kopo. Nilijua nimekatazwa, lakini kesho ilikuwa karibu kuliko katazo. Nikakaanga za mviringo. Zilijiviringisha zenyewe chunguni, zikaiva zote sawasawa, na zilipopasuka ikatoka harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Labda na nyumba ya mtu aliyekuwa anakusubiri.

Nikainua macho. Mnawajua wale wadudu wa ziwani wanaonyanyuka majini kama moshi mweusi. Niliwazoea, wanakwenda upepo unakowapeleka. Siku ile hapakuwa na upepo. Moshi ule ulisimama juu ya maji upande wa magharibi, ukainama, ukaanza kuja kwetu.

Bibi alikuwa ameinuka mwenyewe, amekaa kwenye kiti chake.

"Koku, weka na kikombe kingine."

"Cha nani?"

"We weka."

Nikatwanga, nikachemsha, nikamimina vikombe viwili, cha pili nikakiweka kwenye kigoda. Wadudu wakafika, baraza ikawa giza saa nane mchana. Nikajifunika kanga mpaka kichwani. Ndani ya ule mvumo wao nikasikia mtu akipuliza kahawa ya moto, kisha akainywa kwa funda refu, kama wanavyokunywa wanaume wazee. Na nikamsikia Bibi akicheka. Si kicheko chake. Kilikuwa cha msichana.

Walipoondoka, waliobaki walikuwa wametapakaa kila mahali, sakafuni, kwenye nywele zangu, kwenye kigoda chote. Ndani ya kile kikombe cha pili hapakuwa na hata mmoja. Kilikuwa kitupu, na bado cha moto.

"Amesema bado," Bibi akaniambia. "Amesema nimalize kopo kwanza." Halafu akaomba ndizi.

Jumapili ikapita, hakurudishwa mtu.

Kuanzia hapo nikawa mchambuzi mwenye uroho. Kwa akili yangu hesabu ilikuwa rahisi: kopo likiwa na punje, Bibi yupo. Kila gunia nililipekua mpaka vumbi la chini. Nilipochomeka zile zenye umviringo wa kubahatisha, Bibi alizipapasa na kuzitoa. "Huyu ana mwenzake. Usimdanganye mtu."

Nikafaulu darasa la saba, nikapelekwa bweni Sengerema. Niliporudi likizo ya kwanza nilimkuta barazani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mbona umekonda? Hawawapi chakula?"

Nikapitiliza uvunguni. Kopo lilikuwa tupu, limefutwa kwa kitambaa likang'aa. Gunia la msimu lilikuwa kando, halijafunguliwa. Nikatoka nalia. "Bibi, ningekuchagulia mimi!"

"Najua ungenichagulia," alisema, akanifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Ndiyo maana nimemaliza kabla hujaja."

Alikwenda wiki hiyohiyo, mchana, akiwa kitini, vikombe viwili kando yake.

Leo nina kibanda changu cha kahawa hapahapa Pasiansi, na nina ndoto ya mgahawa wenye vioo vinavyotazama ziwa, msinicheke. Wateja wangu vijana wanachagua kwa simu. "Dada, maziwa mengi, kahawa kidogo, na povu liwe na mchoro wa kopa." Ukiwauliza wanapikia nini nyumbani, wanasema maji ya moto. Siku hizi wamesoma mahali kwamba za mviringo ndizo bora, wananiulizia. Nawaambia sina.

Ninazo. Kopo ni lilelile.

Baba alifariki mwaka jana. Wiki iliyopita Mama, ambaye maisha yake yote ni mtu wa chai, alikuja kibandani mchana, akakaa ametazama maji.

"Koku, nikaangie zile za Bibi."

Nikajifanya sikusikia.

"Na uweke kikombe kingine, mwanangu."

Nikatazama ziwa. Hapakuwa na upepo.

Nilimkaangia, ningefanyaje. Jioni nikampigia Baba Mdogo anitumie magunia mawili safari hii. Akafurahi, akadhani biashara imekua.

Enzi zile tulikuwa wawili kwenye ungo, na tulimaliza kabla jua halijagusa maji. Siku hizi nachambua peke yangu, polepole. Na ile punje yenye umviringo wa kubahatisha naishika muda mrefu sana kabla sijaitoa.