Mama aliyeniomba nimtafute muuaji

Leo nimeombwa nimtafute muuaji wa kweli.

Nilikuwa sokoni Same, mama mmoja mtu mzima akanishika mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Si wewe unayeandika hadithi za upelelezi kwenye jarida?"

Nikatabasamu. Msomaji wangu!

"Kijana wangu aliuawa Kihurio, shambani kwake. Mpaka leo hajakamatwa mtu. Kwenye hadithi zako muuaji hukamatwa kila mara. Nitafutie na wangu."



"Mama, wale nawatunga mwenyewe. Ndiyo maana nawajua."

Akaniachia mkono.

"Basi nitungie na wangu, baba. Nimsome akikamatwa."

Nimekaa hapa tangu mchana, sijaandika hata mstari.

Ninyi mngemjibuje?