Video ya Akko imefutika kwa simu zetu zote

Salaam aleikum. Leo ni Jumapili na nitawaambia yote, hata yanayoniaibisha.

Sauti ya nyanya yangu, Akko, imepotea.

Akko alifariki mwaka jana. Tulibaki na video yake moja, akiwaimbia ng'ombe kisimani. Niliamini iko salama mtandaoni, kwa hivyo sikuiweka mahali pengine.

Mchana simu ya kaka yangu Guyo ilijaa, akafuta video zake. Nikafungua simu yangu. Ya Akko haipo.

"Guyo, umefuta ya Akko."

"Wacha maneno. Mimi nimeshika simu yangu tu."

Ndipo nikakumbuka. Fundi aliyetuuzia simu alitufungulia akaunti moja, nyumba nzima, ati tusisumbuke na nywila nyingi. Akifuta mmoja, imefutika kwa wote.

Hata pipa la taka la akaunti Guyo amelimwaga. Nyumbani hajawahi kumwaga taka.

Mama amekaa na simu mkononi.

Lakini likizo iliyopita, bando ikiwa imeisha, niliwarushia ninyi wenzangu wa madrasa video hiyo kwa Bluetooth. Simu zenu haziko kwa akaunti yetu.

Tafadhali, ni nani bado anayo?