Somoe na Moshi wa Korosho

Enzi zetu, mtoto mwenye pumu hakuwa na mashine, alikuwa na blanketi. Pale kwetu Mikindani, kifua cha mdogo wangu Somoe kilipoanza kupiga filimbi, bibi alichemsha majani ya mkaratusi, akaweka sufuria mkekani, na sisi watoto tukaingia naye blanketini kwa sababu aliogopa giza. Tulitoka tumelowa jasho, pua zinachuruzika, tunacheka. Watoto wa leo ukiwaambia wajifukize, watakuuliza kama humo ndani kuna chaji.

Adui tuliyefundishwa kumwogopa alikuwa upepo. "Fungeni madirisha, mtoto asipigwe na upepo!" bibi alisema kila mara, na nyufa zote zikazibwa kwa khanga kuukuu.

Msimu mmoja wa korosho mvua ikatukuta. Mama, ambaye kwao ni Nanyamba, alizoea kuchoma korosho uani, juu ya bati lililotobolewa. Siku hiyo akahamia jikoni. Kifua cha Somoe kikabana, na bibi, kwa mapenzi yake yote, akamkalisha papo hapo jikoni apate joto, akafunga mlango. Nani kwetu asiyeujua moshi wa maganda ya korosho? Unawasha macho, unakaba koo. Midomo ya Somoe ikaanza kubadilika rangi. Alinishika mkono, hawezi kusema. Sijawahi kuogopa vile.

Baba akaingia, anatoka kazini bandarini. "Mnamfukiza mtoto au mnamkausha kama samaki?" Akampakia Somoe kwenye baiskeli, na mimi nyuma yake nimemkumbatia, tukaelekea hospitali Mtwara. Bibi alitufuata hadi njiani akilia: "Upepo, mwanangu! Upepo utamuua!" Lakini upepo ulipotupiga usoni, nikausikia mgongo wa Somoe ukianza kupanda na kushuka. Hospitali wakamchoma sindano, akalala.

Juzi nilimtembelea Somoe, ambaye sasa naye ni bibi. Alikuwa akimvalisha mjukuu wake barakoa ya nebulaiza, ile mashine ya kuvutia mvuke wa dawa, mtoto anatazama katuni kwenye simu, analalamika bando linaisha. Mashine ni nzuri, sibishi, ila nilimwonea huruma mtoto kujifukiza peke yake, hana wa kumchekesha.

Kabla ya kuiwasha, Somoe aliinuka akafungua dirisha.

"Acha upepo uingie, dada," alisema.

Bibi angekuwepo angelifunga palepale. Ningetoa chochote nimsikie akitugombeza.