Kisiki cha Bluugamu

Jumatano, tarehe tisa Januari, nilimpoteza mke wangu. Jumamosi iliyofuata nilipoteza mti wake.

Alikuwa ameupanda mwenyewe, bluugamu, mwaka tuliohamia shamba hili kando ya barabara ya Turbo. Ulisimama karibu na geti. Kamati ya mazishi ilipokuja kukagua boma, mwenyekiti, ambaye ni jirani yangu mwenye gari, aliuzunguka mara mbili.

"Mzee, mheshimiwa anakuja. Gari yake itageukia wapi?"

Mimi sikuwahi kukutana na mheshimiwa huyo, wala mke wangu. Lakini mfiwa hana kura katika kamati ya mazishi. Kazi yake ni kuitikia kwa kichwa. Niliitikia, na hilo ni kosa langu, si lao.

Fundi wa pawa alikuja na msumeno wake wa injini, akaumaliza mti kabla ya chai. Magogo mafupi aliyasimamisha wima, akayapasua msalaba kutoka juu hadi karibu na chini, akawasha moto katikati ya ufa. Kila gogo likawa mwenge, na sufuria ya chai ya waombolezaji ikatulia juu yake kama juu ya jiko. Watu waliisifu chai. Nilikunywa vikombe viwili. Ilikuwa tamu.

Kikabaki kisiki. Niliomba kiachwe, kwa sababu bluugamu ikikatwa huchipua tena, na hicho tu ndicho nilichotaka.

"Itakwaruza gari," mwenyekiti alisema.

"Kwani mheshimiwa atakaa hapa mpaka ichipue?"

"Mzee, uchungu umekushika. Enda ukae."

Wakatoboa kisiki matundu, wakamimina oili chafu, wakarundika makaa juu. Kilifuka moshi siku nne. Siku ya pili, kamati ikiwa ndani inabishania rangi ya hema, nilikimwagia kisiki ndoo mbili za maji, upande ulioelekea ua.

"Nani amezima moto?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni mimi."

Walinionea huruma, wakaongeza oili.

Siku ya mazishi mheshimiwa hakuja. Alimtuma msaidizi wake, naye akaja kwa bodaboda. Pikipiki iligeuka pale bila shida, na ingegeuka hata mti ukiwepo. Tuliambiwa tusimame kumpokea. Alisoma rambirambi ambamo mke wangu aliitwa "mzee wetu mpendwa", na kabla hajamaliza moshi ukaanza kutoka ardhini, kati ya viti vya wageni wa heshima. Moto ulikuwa umefuata mzizi chini kwa chini. Mguu mmoja wa kiti cha mwenyekiti ukazama, naye akalala ubavu polepole, programu ya mazishi bado mkononi.

Mama mmoja wa kanisani, aliyekaa nyuma yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Si mlikuwa mnataka nafasi."

Nilicheka. Mke wangu alikuwa bado hajashushwa kaburini, na nilicheka mpaka nikafunika uso kwa kofia. Watu walidhani ninalia. Baadaye kidogo walikuwa hawakosei.

Mvua ilianza Aprili. Kila asubuhi niliinama kutazama upande ule niliomwagia maji. Aprili ikaisha, Mei ikaisha, hakukuchipua kitu. Mwezi wa Juni nilijaza shimo udongo, nikapanda hapo miche mitatu ya bluugamu. Si mti wake. Ni miche niliyonunua kando ya barabara.

Wiki iliyopita mwenyekiti aliingia na gari lake kuniomba nijiunge na kamati. Kuna msiba mwingine kijijini. Nilikataa, tukaagana vizuri, akawasha gari, kisha akaona miche.

"Sasa mimi nitageukia wapi?"

"Hugeuki. Rudi kinyumenyume."

Nikasimama mbele ya miche nikimwongoza kwa mkono, kushoto kidogo, sawa, sawa, mpaka akafika barabarani.