Rimu za Kung'aa

Juzi nilipeleka gari kwenye gereji moja mtaa wa Hockley kubadilishiwa tairi kabla barabara hazijaanza kuganda. Fundi alipobonyeza mpira kwa kidole gumba kuona kama umekauka, nilijikuta tena na miaka kumi na mmoja, nimesimama kando ya baba.

Tulikaa mtaa wa Lozells wakati ule, mwaka wa pili tangu tufike nchi hii kutoka Bukavu. Baba alijua Kiswahili na Kifaransa. Kiingereza cha nyumba nzima kilikuwa mdomoni mwangu: barua, daktari, mwenye nyumba, vyote vilipitia kwangu, na nilijivuna.

Gari letu lilikuwa kuukuu, watoto wa shule wakilicheka. Ndiyo maana fundi wa gereji ya mtaani kwetu alipotuwekea mbele seti mbili za magurudumu yaliyotumika, macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye rimu za kung'aa. Fundi akatikisa kichwa. Zile tairi ni za kiangazi, alisema, na mpira wake umezeeka. Baridi ikikaza zitateleza. Tuchukue zile nyingine, tairi za baridi kwenye rimu nyeusi za chuma, mbaya kwa sura.

"Anasema nini?" baba akauliza.

"Anasema zote ni sawa, lakini hizi za kung'aa zina nguvu zaidi."

Baba akanigusa bega. "Basi tunachukua hizo."

Na alizitunza. Kila Jumamosi alizisugua kwa maji ya moto kuondoa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi, kisha akapima upepo, huku harufu ya mandazi ikitufikia kutoka jikoni kwa jirani, mama wa Kikenya aliyefanya kazi ya kutunza wazee. Jumapili tulimpeleka kanisani.

Jumapili moja ya Januari, tukiwa na jirani garini, baba alikanyaga breki na gari halikusimama. Tuliteleza polepole, nami nikiyakumbuka maneno yote ya fundi, mpaka tukagonga ukuta. Jirani alivunjika kifundo cha mkono.

"Si wewe, ni hii baridi," alimwambia baba.

Mkono haukupona sawasawa. Kazi ya kuinua wazee ilimshinda, na unga hakuukanda tena. Baba aliuza gari. Kila walipokutana alimwomba msamaha upya: "Nilichagua vibaya, mama." Mimi nilikuwepo.

Jirani alifariki mwaka jana. Makaburini baba aliyarudia maneno yale yale mbele ya udongo mbichi, nikiwa nimemshika mkono. Ningeweza kumwambia palepale. Nilimwambia afunge koti, kuna upepo.

Gereji ile sasa ni nyumba za kupanga, na jikoni kwa jirani wanapika watu nisiowajua. Baba hujieleza mwenyewe kwa daktari, Kiingereza chake kimenyooka. Lakini hata akitaka kununua viatu tu, hunipigia simu niende nikamchagulie, kwa sababu yeye, anasema, hajui kuchagua.