Kofia Kwenye Koki

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Kiwandani walimwita Bunduki, na mtu asiyemjua akilisikia angeweza kubadilisha njia. Ukweli ni kwamba mwanamume yule hata kuku hakuwahi kuchinja; kazi hiyo ilimwangukia mkewe, yeye akizunguka nyuma ya nyumba akijifanya amepigiwa simu. Bunduki aliyoijua ni ile ya kupulizia rangi, na kwa bunduki hiyo hakuwa na mpinzani. Makabati ya chuma, milango ya maghala, matangi ya maji, vyote vilipita mikononi mwake na kutoka vinang'aa, bila tone wala mchirizi.

Tena alikuwa mkali, si mchezo. Ukiingia chumba cha rangi bila barakoa, unatoka. Ukiingia na kiberiti mfukoni, hata kama huvuti, unatoka na maneno ya kukutosha hadi jioni. Akikuta ndoo ya thina, ile ya kuzimulia rangi, imeachwa wazi aliifunika mwenyewe huku akinung'unika kwamba siku moja watapaa wote pamoja na mabati ya paa. Kabla ya kuwasha pampu alikagua ule waya unaoteremsha umeme ardhini, maana penye mvuke wa rangi cheche moja inatosha. Wenzake walimcheka kisogoni na kumtii usoni. Kila mtu anapenda kurudi kwake na nyusi zake.

Mchanganyaji wa rangi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, aliyekuwa akiimba kila alipopima rangi na hadina, ile dawa ya kuigandisha. Bunduki ndiye aliyemwombea kazi. Siku ya kwanza mkewe alimfuata hadi mlangoni, akamwambia kwamba ndugu aliyebaki naye ni huyo mmoja tu, basi amwangalie. Akajibu kwamba hilo halikuwa neno la kuambiwa.

Ndani ya chumba kile feni ya kunyonya mvuke ilinguruma kutwa nzima, na midomo ya watu ilikuwa nyuma ya barakoa, kwa hiyo mazungumzo hayakuwezekana. Na jambo la kuambiana lilikuwepo, kubwa. Pampu ikizimwa, presha haiondoki. Inabaki imejazana ndani ya mpira unaopeleka rangi kwenye bunduki, na nguvu yake inaweza kupenyeza rangi kwenye nyama ya mtu. Ni lazima koki ifunguliwe, rangi irudi ndooni, mpira ulegee. Bunduki akabuni alama. Akishamaliza hayo yote, na si kabla, alivua kofia yake nyekundu na kuitundika kwenye mkono wa koki. Kofia ikiwa pale, shika utakacho. Ikiwa kichwani kwake, kaa mbali. Miaka yote hiyo kofia haikuwahi kusema uongo.

Asubuhi ile pua ya bunduki iliziba tangi likiwa limepakwa nusu. Rangi iliyokwisha kutiwa hadina haina subira, ukizubaa inagandia ndani na mpira mzima unatupwa. Alizima pampu. Jasho lilikuwa linamwingia machoni, akavua kofia ajifute, na papo hapo akamwona msimamizi wao mlangoni akimwita kwa mkono. Basi mkono wake ukaitundika kofia pale ulipozoea, wala haukumwomba ruhusa. Koki hakuifungua. Alijiambia ataifungua akirudi, msimamizi hana zaidi ya maneno mawili.

Maneno hayakuwa mawili. Alipogeuka alimkuta shemeji ameishika bunduki, anaikwangua pua kwa ukucha huku akiminya kifyatuo aone kama rangi inapita.

Haikuwa ajali ya kukusanya watu. Shemeji alishtuka, akautikisa mkono wa kulia kama aliyeumwa na siafu, akatoka nje kujitazama. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na kidoti tu, damu hata tone halikutimia. Akacheka, akasema bunduki imemtambua kuwa si mwenyewe.

Bunduki hakucheka. Fundi aliyekuja kufunga pampu ile alikuwa amemfundisha yeye, ana kwa ana, kwamba kidoti cha namna hiyo si cha kudharauliwa hata kidogo. Kwa nje hakina kitu, kwa ndani rangi imeshasambaa na inaiua nyama kimyakimya. Mtu apelekwe hospitali wakati huohuo, na daktari aambiwe ni rangi gani. Aliyakumbuka yote. Alikumbuka pia kwamba kofia nyekundu ilikuwa inaning'inia kwenye koki ambayo haijafunguliwa, kwamba msimamizi alikuwa bado amesimama palepale, na kwamba swali lake la kwanza lingekuwa hilo.

"Osha na sabuni, shemeji," akasema, "halafu funga kitambaa. Pumzika kidogo, itapoa."

Kisha akarudi ndani akafungua koki. Mpira ukalegea. Kofia sasa ikawa inasema kweli, na mtu yeyote ambaye angeingia angeona kila kitu kiko mahali pake.

Alimaliza lile tangi, na kwa mara ya kwanza lilitoka na michirizi. Kila baada ya muda alitafuta kisingizio cha kupita kwenye meza ya kuchanganyia: mara anataka chujio, mara anauliza kama thina imebaki. Akitupia jicho kidole, anajiambia hakijavimba sana. Akipita tena, anajiambia labda yule fundi alikuwa anatia chumvi, mafundi wageni hupenda kutisha watu. Aliona aibu, na bado hakumwambia mtu. Mtu akiamua kujidanganya hakosi maneno, na Bunduki siku ile alikuwa nayo tele.

Kufika alasiri shemeji alikuwa ameacha kuimba. Kidole kilikuwa kimejaa, kimepauka, na kilipoguswa kilikuwa baridi. Hapo Bunduki akapoteza akili. Alimshika mwenzake kwapani, akapiga kelele gari litolewe, akamwingiza hospitali akiwapita waliokuwa kwenye foleni, akamtajia daktari rangi, hadina na thina bila kukosea. Daktari alimsikiliza, akakigeuza kidole mara mbili, akasema wangekuja asubuhi wangeongea mambo mengine. Kidole kilikatwa, na cha pili yake hakikukunjika tena.

Sasa ndipo adhabu yake ilipoanza, maana kila mtu alimsifu. Msimamizi aliwakusanya wafanyakazi akawaambia waige mfano wa Bunduki, aliyeacha kazi akamkimbiza mwenzake, na wasiige wa yule mwingine, mtu mzima anayetia kidole kwenye pua ya bunduki. Watu wakapiga makofi. Bunduki alitazama viatu vyake vilivyojaa madoa. Nyumbani ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Mkewe alimsimulia kila jirani jinsi mumewe alivyomwokoa mdogo wake, akawa anamwekea chakula kingi kuliko kawaida na kukaa karibu amwangalie akila. Alisogeza sahani kabla haijafika nusu. Akiulizwa, anasema ni tumbo.

Shemeji alihamia kwao hadi apone. Jumapili moja asubuhi walikuwa uani, mke wa Bunduki akiwa ndani, na Bunduki alikuwa anamfungia vifungo vya shati. Walikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Hapo akaona hawezi tena.

"Shemeji, ile kofia niliitundika kabla ya kufungua koki."

Shemeji hakushtuka.

"Najua," akasema. "Mpira niliushika, ulikuwa mgumu. Nikadhani ni mimi, nimezidisha hadina, rangi imeganda ndani. Ndiyo maana niliharakisha kuzibua kabla hujaona. Kofia yako sikuitilia shaka hata kidogo. Nilikuja kuifikiria nikiwa kitandani hospitali."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Mkono ulipitiwa. Hata mimi hupitiwa. Hilo nilishalimaliza, shemeji, usijisumbue."

Bunduki alihisi kifua kinafunguka. Alikuwa amebeba mzigo wa wiki na wiki, na mwenyewe aliyeumizwa ndiye aliyemtua. Kama angekuwa mtu wa bahati, mazungumzo yangeishia hapo. Akashika kifungo kingine.

"Kuna kitu kimoja tu kinanisumbua," shemeji akaendelea, kwa sauti ileile ya taratibu. "Daktari aliniuliza kama kazini kuna mtu aliyejua hatari ya kidoti kile. Nikamwambia hakuna. Nikamwambia angekuwepo anayejua, asingeniacha nikae na kitambaa hadi alasiri. Nilimjibu sawa?"

Kutoka ndani mkewe akaita, akitaka kujua kama awaletee chai hukohuko nje. Bunduki alitafuta maneno yale aliyokuwa nayo tele siku ile, asilipate hata moja.

"Hapana," akasema. "Nilijua."

Shemeji akatazama pembeni. Hakugomba. Alilitoa shati lake polepole kwenye vidole vya Bunduki, akasogea hatua moja, akaanza kujifungia kwa mkono wa kushoto. Kifungo kilimponyoka, akakirudia. Bunduki alinyoosha mkono amsaidie.

"Acha," shemeji akasema, na akaendelea kuhangaika nacho peke yake.