Mke wa Pili wa Mkatekumeni

Mimi nilikuwa mke wa pili, lakini sikuokotwa njiani. Baba yangu alipokea ng'ombe wazima, na watu wa kwetu Busi wakala na kunywa hadi wakasahau mashamba. Kwa hiyo mume wangu alipoanza kwenda misheni kufundishwa dini, akarudi na habari kwamba anayebatizwa hubaki na mke mmoja, na mmoja mwenyewe ni yule wa kwanza, nilimwuliza kama amelewa. Akasema hapana, ndiyo sheria ya Padri. Nikamrushia chungu cha uji. Kilimpata begani, na uji ulikuwa wa moto.

Tangu siku hiyo nyumba yetu haikukalika. Bi mkubwa alinipita kisimani akicheka chini chini, nikamtwanga mchi wa mgongo. Akanikamata, akaning'ata sikio, na kovu lake hili hapa. Mwalimu wa dini, mwenyeji wa kwetu aliyewekwa na Padri kutufundisha, akaja kuamua. Nikamwambia mbele ya watu kwamba mimi si mbuzi wa kufunguliwa kamba na kufukuzwa zizini. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Niende naye wapi? Ng'ombe wangu kaka zangu walikwisha kuwaolea wake zao.

Mume wangu alinipenda, na ubatizo aliutaka. Alikuwa amewaona wenzake waliofia kazini kwa Wadachi wakifukiwa kando ya njia, bila hata mtu wa kuwalilia. Akaniambia kwamba Mkristo, hata akifia porini, kuna anayemjua. Hilo ndilo lililomshika. Basi Padri akimwuliza kama ameniacha, anajibu bado kidogo, na mimi nikiingia ndani najua bado nina mume.

Wadachi walikuwa wanajenga reli ya Dodoma, na jumbe wetu akatakiwa kutoa watu. Mume wangu akapelekwa kubeba udongo wa tuta. Pasaka ikakaribia, wakatekumeni, wale wanaongoja ubatizo, wakaitwa misheni kuulizwa maswali ya mwisho, na asiyefika angengoja mwaka mwingine. Akatoroka kazini. Askari walimfuata, wakamkuta uani kwangu ananawa miguu.

Walimlaza kifudifudi mbele ya nyumba ya jumbe. Mmoja alimkalia shingoni, mwingine akamshika miguu, wa tatu akashika kiboko. Sote tuliitwa kutazama. Walimpa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kama walivyompa kila mtoro, na walipomaliza akajaribu kuinuka mwenyewe. Hilo halikuwapendeza. Wakaanza upya, safari hii hawakuhesabu, na hawakuchagua pa kupiga. Nilisikia nyama ikichanika. Nikawatukana mama zao, mmoja akanipiga kitako cha bunduki mdomoni, meno ya mbele yakatoka. Wale walikuwa washenzi, na sitawatafutia neno jingine.

Bi mkubwa na mimi tulimbeba, yeye mabegani, mimi miguuni. Tukamlaza kwangu kwa kuwa ndiko karibu. Alikuwa anatapika damu.

Padri alikuwa safarini vigangoni. Mwalimu wa dini akaja mbio na kibuyu cha maji, maana mtu akiwa anakufa hata asiye padri anaweza kumbatiza. Akapiga magoti.

"Unamsadiki Mungu?"

"Nasadiki."

"Unatubu dhambi zako?"

"Natubu."

"Unamwacha mwanamke huyu?"

Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Akasema, "Simwachi."

Mwalimu akamwuliza tena, akajibu vile vile. Mwalimu akaweka kibuyu chini, machozi yanamtoka. "Ndugu yangu, kwa jibu hilo siwezi."

Nilifurahi. Mume wangu anakufa, mdomo wangu umejaa damu, na mimi nimefurahi moyoni kwa kuwa amenichagua mimi. Halafu nikaona macho yake yamekwenda kwenye kile kibuyu. Yaliogopa. Aliposhikwa na askari hayakuogopa hivyo.

Nikamshika taya. "Niache," nikamwambia.

Akatikisa kichwa.

Nikampiga kofi. Ndiyo, mtu aliye kufani, nikampiga kofi. "Niache, mjinga wewe. Sema asikie."

"Nakuacha, mke wangu," akasema.

Mwalimu akammwagia maji kichwani kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Yakateremka hadi kwenye nguo yangu. Mume wangu akafumba macho, na kabla ng'ombe hawajarudi kutoka malishoni akawa amekata roho.

Walimzika misheni, chini ya msalaba, kama alivyotaka. Bi mkubwa akanyolewa nywele, akaketishwa kwenye mkeka wa mjane. Nikaenda nikaketi kando yake. Hakunifukuza, hata alisogea kidogo. Mwalimu ndiye aliyekuja akainama, akaniambia kwa upole, "Dada, wewe nenda ukakae kule na majirani. Alikwisha kukuacha, na mimi ni shahidi."

Nikainuka na mtoto wangu. Majirani wakanipisha nafasi. Bi mkubwa akaanza kumlilia, akimwita mume wangu, mume wangu, na wanawake wote wakaitikia. Mimi nikajiziba kinywa kwa kaniki, maana mwanamke hamlilii mume wa mwenzake kwa sauti.